Bwawa la Nyumbani, Haki ya Jirani na Kibali cha Kaunti



Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Jamaa zetu wengi wa pwani wamehamia kandokando ya Ziwa Viktoria. Mmoja amefuata biashara Migori, mwingine amepata kazi Homa Bay, wa tatu ameoa Kendu Bay, mji ambao una Waislamu na misikiti tangu zamani. Miongoni mwa maswali tunayoletewa na mama zetu na dada zetu walioko huko, kuna moja ambalo wazee wetu hawakuulizwa: je, inafaa kujenga bwawa la kuogelea ndani ya ua wa nyumba? Na ikiwa inafaa, ni lazima kweli kwenda ofisini kuomba ruhusa, ilhali tunachimba katika ardhi tuliyoinunua kwa mali yetu ya halali?

Swali la kwanza jibu lake ni jepesi. Kuogelea ni katika michezo yenye manufaa, na wazazi wamehimizwa tangu zama za mwanzo kuwafundisha watoto wao. Ziwani kuna kichocho, kuna viboko na mamba, tena kuna macho ya watu. Mama anayetaka binti zake wajue kuogelea bila ya kuvunjiwa heshima, akajengewa bwawa ndani ya ukuta wa nyumba yake, amefanyiwa jambo jema, madhali hapana israfu wala fahari.

Swali la pili ndilo lililotufanya tushike kalamu, kwa sababu tumeliona jibu lake kwa macho yetu.

Shimo lililobaki wazi

Ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa, anauza nguo Migori. Mwenyezi Mungu alimruzuku kiwanja, akajenga nyumba, kisha akaazimia kuwatengenezea mkewe na binti zake wanne bwawa la urefu wa mita nane na upana wa mita nne. Fundi alimwambia, "Tuanze kuchimba, kibali kitafuata." Akatokea na kijana aliyejidai kuwa ana watu wake ofisini. Kijana huyo alipokea fedha taslimu, na baada ya siku chache akaleta karatasi yenye muhuri.

Shimo likachimbwa karibu kabisa na mpaka wa jirani. Jirani alipoona ukuta wake umeanza kupasuka alikwenda kulalamika, na maafisa walipofika iligunduliwa kwamba ile karatasi haikuwa chochote. Haikuwamo katika daftari lolote. Kazi ikasimamishwa, alama nyekundu ikachorwa ukutani, na kijana yule simu yake haikupatikana tena.

Masika yakaingia. Shimo likajaa maji ya matope, nalo halikuwa na uzio ila mabati mawili yaliyoegemezwa. Asubuhi moja ya Ijumaa, mtoto wa jirani, wa miaka mitatu, alipita katika pengo la ukuta ule ule uliopasuka. Mke wa ndugu yetu alikuwa akianua nguo. Anasema hakusikia kilio wala kishindo. Aliona kiatu kidogo kikielea. Alijitupa majini na baibui lake, akamtoa mtoto, na kwa rehema za Mola mtoto akatapika maji, akavuta pumzi. Yu hai hadi leo.

Tuliitwa kusuluhisha. Jirani yule, ambaye si Muislamu, alisema neno moja tu ambalo hatujalisahau: "Mimi sikatai waogelee. Nilichokitaka ni kuambiwa." Ndugu yetu hakuwa na la kujibu, wala sisi hatukuwa nalo.

Ruhusa si jambo geni katika dini

Wako wanaodhani kwamba kuomba kibali ni jambo la serikali za kisasa, na kwamba mwenye mali ana uhuru wa kufanya atakalo katika mali yake. Hivyo sivyo wanavyuoni wetu walivyofahamu. Kanuni mama ya fiqhi katika mlango huu ni kuwa mtu hadhuru wala hadhuriwi. Juu ya msingi huo walieleza hata habari ya harimu ya kisima, yaani eneo linalokizunguka ambalo mwingine haruhusiwi kuchimba, ili maji ya mmoja yasiharibu ya mwenziwe.

Imamu al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058 wa Miladi, alipoeleza kazi za muhtasib aliingiza humo usimamizi wa majengo na njia za mji, ili mtu asijenge kwa namna ya kuwadhuru wapitao na wakaao. Na katika Majalla, sheria za kiraia zilizokusanywa na dola ya Uthmaniyya baina ya mwaka 1869 na 1876 kutokana na fiqhi ya Kihanafi, imetajwa kwamba kufunguka kwa mahali wanapokaa wanawake, kama vile jikoni, kisimani na uani, kwa macho ya jirani ni katika madhara makubwa yanayopasa kuondolewa. Mama anayejenga bwawa kwa ajili ya sitara na azingatie: wanavyuoni waliitaja sitara ya ua kuwa ni haki inayolindwa na kadhi, si hisani ya jirani. Lakini haki hiyo ni ya pande mbili. Ukipandisha ukuta ili usionekane, usimzibie mwenzio mwanga na upepo. Na ukichimba ili ufurahi, usimbomolee nyumba.

Kwa hivyo mwenye kuomba kibali hajapoteza uhuru wake. Amekubali watu wenye ujuzi waangalie, kabla ya jembe la kwanza, kama kuna asiyekuwapo kikaoni atakayedhurika.

Sheria ya nchi inasemaje

Tangu mwaka 2013, zilipoanza serikali za kaunti 47 chini ya Katiba ya 2010, mipango ya ujenzi iko mikononi mwa kaunti. Zamani tulizoea kusema "kanso". Leo mwenye kujenga Migori anaelekea serikali ya Kaunti ya Migori, na wa Homa Bay vivyo hivyo kwake. Na penye manispaa yenye bodi yake, maombi huanzia huko au hupitia huko.

Sheria inayotawala ni ile ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Inasema kwamba hapana mtu atakayeanza uendelezaji wowote ndani ya kaunti bila ya ruhusa ya waziri wa kaunti anayehusika na mipango. Anayeanza bila ya ruhusa ametenda kosa, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Juu ya hayo anaweza kuamriwa airudishe ardhi katika hali yake ya mwanzo. Maana yake ni kuwa utalipa kuchimba, kisha utalipa kufukia.

Sheria hiyo hiyo ina upande wa kumhifadhi mwombaji, na huu ndio ambao wengi hawaujui. Usipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60 tangu kuwasilisha maombi, ruhusa huhesabiwa kuwa imetolewa. Ukikataliwa, unapaswa kuelezwa sababu, na una siku 14 za kukata rufaa mbele ya kamati ya kaunti ya usuluhishi wa mambo ya mipango; usiporidhika, iko Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Na mwombaji anatakiwa kuutangazia umma mradi wake ili mwenye pingamizi aseme. Tazameni: neno lile la jirani, "nilichokitaka ni kuambiwa", limo ndani ya sheria.

Hatua za kufuata

Kwanza, hakikisha ardhi. Fanya upekuzi rasmi katika ofisi ya msajili wa ardhi, ujue hati miliki ni ya nani na kama ina deni au zuio. Viwanja vingi pembezoni mwa miji ya Migori na Homa Bay vilikuwa mashamba ya koo, na pengine hati bado inasema ni ardhi ya kilimo. Hapo uliza kama unahitaji kubadili matumizi ya ardhi kwanza. Lipa ada za ardhi unazodaiwa, uchukue uthibitisho.

Pili, tafuta msanifu majengo na mhandisi waliosajiliwa. Fundi hodari ana heshima yake, lakini ramani ya bwawa si ya kuchorwa kwa kijiti mchangani. Ionyeshe vipimo na kina, umbali kutoka mpaka na kutoka msingi wa nyumba, maji yanakotoka na yanakoelekea, mahali pa pampu na chujio, na uzio.

Tatu, wasilisha maombi katika ofisi ya mipango ya kaunti au manispaa. Ramani hupitiwa na idara mbalimbali, na usiipuuze idara ya afya ya umma: Sheria ya Afya ya Umma, sura ya 242, ina sehemu nzima juu ya kuzuia mazalio ya mbu. Viwango vya ada hupangwa na kila kaunti kwa sheria yake ya fedha. Uliza kiwango cha mwaka huo kwa maandishi, lipa kwa njia rasmi pekee, chukua stakabadhi. Nakala yenye muhuri wa kupokewa na tarehe iweke pamoja na hati ya nyumba, kwani hesabu ya siku 60 huanzia hapo.

Nne, fika katika ofisi ya kaunti ya Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, uulize kama mradi wako unahitaji ripoti ya mazingira. Ikiwa unakusudia kuchimba kisima cha mashine ili kujaza bwawa, kwanza pata kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, kwa mujibu wa Sheria ya Maji ya mwaka 2016. Na mkandarasi awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, na mradi usajiliwe huko.

Tano, kazi ikianza, waite wakaguzi katika kila hatua kabla ya kumwaga zege, na usijaze maji kabla ya ukaguzi wa mwisho.

Nchi ya ziwa ina tabia zake

Yako mambo ambayo mtu wa pwani hayajui akifika bara ile. La kwanza ni udongo. Sehemu nyingi za Homa Bay na Migori zina udongo mweusi unaofura ukinywa maji na kupasuka ukikauka. Sisi tuliozoea mawe ya matumbawe hatujui hila zake. Bwawa lililojengwa juu yake bila ya mhandisi hupata nyufa, likavuja chini kwa chini hadi msingi wa jirani.

La pili ni maji yenyewe. Mwezi wa Mei 2020 Ziwa Viktoria lilipanda kupita hata kimo mashuhuri cha mwaka 1964, na familia za ufukweni zikahama makwao. Mto Kuja nao hufurika sehemu za Nyatike mara kwa mara. Mwenye kiwanja karibu na ziwa au mto asikasirike akiambiwa kwamba sehemu yake ni hifadhi ya kingo na haijengwi. Wanaomwambia hivyo wanamwonea huruma.

La tatu ni mbu. Eneo la ziwa ni katika maeneo ya Kenya yenye malaria nyingi zaidi. Yai la mbu huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hadi mbili, na bwawa lililoachwa bila ya klorini wala pampu linatosha kuugua mtaa mzima. Hapa na tukumbuke wazee wetu wa Lamu: katika mabirika ya misikiti na ya nyumba waliweka samaki wadogo wale viluwiluwi vya mbu. Twafundishwa madrasa kwamba maji yaliyofikia kullatayni hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Hukumu hiyo ni ya tohara. Wazee wale waliijua vyema, na bado wakaweka samaki, kwa kuwa maji huweza kuwa tohara na bado yakazaa ugonjwa.

Israfu ina hesabu

Bwawa la mita nane kwa nne, lenye kina cha wastani wa mita moja na nusu, huchukua lita 48,000. Hiyo ni mitungi 2,400 ya lita ishirini. Nje ya ukuta wako hupita mwanamke aliyebeba mtungi mmoja kichwani. Hatusemi kwamba bwawa ni haramu kwa sababu yake. Twasema mwenye bwawa ana hesabu ya kujibu.

Basi na ajenge dogo kwa kadiri ya haja. Paa la mita 100 za mraba, ikinyesha mvua ya milimita 10, hutoa karibu lita 1,000; mvua ya masika yaweza kujaza bwawa bila ya kumnyang'anya mtu maji ya mfereji. Aweke chujio ili maji yadumu, na alifunike lisipotumika, kwani jua huchukua sehemu yake kila siku: yakipungua milimita tano tu katika bwawa la ukubwa huo, ni lita 160 zilizokwenda. Wala asifungulie maji yenye dawa yakaingia shambani mwa jirani au katika mtaro unaoteremka ziwani.

Roho ya mtoto kwanza

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 300,000 hufa maji kila mwaka duniani, na karibu robo yao ni watoto wasiotimiza miaka mitano. Mwaka 2021 Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 25 Julai kila mwaka kuwa siku ya kuikumbusha dunia msiba huu. Mtoto mdogo hazami kwa makelele kama tuonavyo katika filamu. Huzama kimya, kwa dakika chache, mama akiwa hatua kumi tu.

Kwa hivyo uzio usiwe wa nje ya nyumba tu. Bwawa lizungushiwe uzio wake pande zote nne, wa kimo kisichopungua mita moja na robo, usio na mahali pa kupandia, na lango linalojifunga lenyewe na komeo la juu asilolifikia mtoto. Wanasesere na mipira isiachwe majini. Watoto wanapoogelea awepo mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni kutazama tu, si kupika, si kushika simu. Na wakati wa ujenzi shimo lilindwe kama bwawa lililojaa. Watu wa Migori hawahitaji kuhadithiwa habari ya mashimo yaliyoachwa wazi. Wachimbaji dhahabu wa Macalder na viunga vyake wanajua yanavyomeza watu.

Neno juu ya "chai"

Tutaambiwa: "Sheikh, njia rasmi ni ndefu, na kwa kitu kidogo karatasi hutoka kesho." Anayetoa na anayepokea rushwa wote wamo katika dhambi, na Sheria ya Rushwa ya mwaka 2016 nayo inawashika wote wawili. Tena tazama unachokinunua. Ukilipa ili ramani isisomwe, umelipa ili mhandisi asiuone udongo, afisa wa afya asiuone mtaro, na jirani asisikie habari. Ndugu yetu alilipa fedha nyingi kuliko ada halali, akapata karatasi isiyomlinda yeye wala mtoto wa mwenziwe.

Baada ya sulhu alilifukia shimo na kuujenga upya ukuta wa jirani kwa gharama yake. Kisha akaanza upya, safari hii kwa kwenda kwanza kubisha hodi mlango wa pili na ramani mkononi. Jirani aliomba bwawa lisogezwe upande wa pili wa ua, na likasogezwa. Kibali kilichelewa, hata ndugu yetu akakereka, lakini kilitoka, na namba yake imo katika daftari.

Tulipomzuru mara ya mwisho, alasiri moja ya Jumamosi, wanaume tulikaa barazani. Ndani ya ua zilisikika sauti za wasichana majini. Ndugu yetu alituambia kwamba si binti zake peke yao. Mtoto yule wa jirani, sasa ana miaka sita, naye anafundishwa kuogelea, na anayemfundisha ni mama yule yule aliyemtoa shimoni.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu na watoto wetu, na atujaalie tuwe majirani wema popote tulipo. Wabillahi tawfiq.